Jiwe Pungufu

Afisa wa mambo ya kale alikuja na fomu,
viatu vyeupe katikati ya masika,
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Akauliza: urithi wa mji huu ni nini?
Alitaka majengo. Nikamnyooshea kidole upande wa boma,
upande wa stesheni,
nyumba za Wajerumani zinazoota majani darini.
Akaandika. Nilikuwa na bisibisi mdomoni,
sikuweza kumwambia la pili.

La pili liko chini ya benchi, ndani ya soksi.

Jiwe la kilo, chuma cheusi,
mihuri ya miaka imepangana mgongoni kama chale.
Ukilipima kwa haki ni gramu mia tisa na sitini.
Baba yangu, Mbaruku Singano, fundi mizani,
aliligeuza usiku mmoja
akachokonoa risasi tumboni mwake kwa msumari wa kiatu.
Mwaka ule katani ilianguka bei,
na mimi nilikuwa nadaiwa ada ya muhula wa pili.
Hizza wa choroko alilipa taslimu.

Sokoni wakajua kabla ya wiki kwisha.
Tanga mtu akinunua baiskeli
mtaa mzima unaijua kengele yake;
utaficha gramu arobaini?
Hakuna aliyekwenda polisi. Hakuna aliyehama meza.
Bi Mwantumu alisubiri kilo yake imiminwe kapuni,
kisha akakinga kiganja, hivi,
akatazama pembeni kama anayesubiri mvua ipite.
Hizza akachota. Akatia.
"Nyongeza," akasema,
kana kwamba ni ukarimu wake.

Nyongeza ilikuwepo tangu enzi za pishi na kibaba.
Siku ile tu ndiyo ilipata kazi.

Niliwahi kuupima mkono wa Hizza.
Nilikuwa na miaka kumi na minne,
nikajidai naomba choroko za kuotesha shuleni.
Gramu arobaini na mbili.
Siku nyingine thelathini.
Mwezi wa mfungo, hamsini na tano.

Ningependa kuishia hapo, nimwambie afisa: andika mkono.
Lakini walikuwepo wasiojua kukinga:
vibarua wa mkonge waliokuja mjini kwa siku moja,
mama wa Kisambaa aliyemaliza kabichi zake
akanunua mbio mbio awahi basi,
mtoto aliyetumwa.
Hao walibeba mia tisa na sitini, wakashukuru.

Baba alijua. Alikuwa na tabia ya kutunga
huku akipiga tupa, na ubeti huu
niliukuta nyuma ya daftari la madeni:

    Jiwe halina ulimi, lakini hutoa siri,
    Haliombi halisemi, wala halina kiburi,
    Usiku hulala nami, hadi nuru ya fajiri,
    Nililolichuna mimi, Mola ana habari.

Nimehesabu kwa vidole.
Kila kipande mizani nane,
isipokuwa cha mwisho: saba.
Sijui alikosea, au alikipunja makusudi.
Aliyekuwa akisikia kilo inadanganya
kwa mlio wa sahani tu.

Siku hizi mizani ni za betri, namba nyekundu,
nazifungua mimi zikiingia mende.
Hazina tumbo la kuchokonoa.
Hizza alishazikwa; mjukuu wake hapunji,
na bado watu wanakinga.
Naye anachota, haulizi deni ni la nani.

Afisa alikunja fomu, akapita mezani kwa kijana,
akanunua choroko nusu kilo,
akalipa, akafunga zipu ya begi, akaanza kuruka madimbwi.
Nikatoa bisibisi mdomoni.
"Dada," nikamwita, "rudi.
Hujakinga mkono."